Pikapu Iliyokaa Sawa, na Kosa Lisiloonekana

Kila Desemba, Wachaga wanapopanda kwao kwa ajili ya Krismasi, Njia Panda ya Himo hugeuka maonyesho ya magari yasiyo na mwandaaji wala kiingilio. Magari yaliyotoka Dar es Salaam usiku hufika hapo asubuhi, huoshwa, hutiwa mafuta, kisha hupandishwa Marangu, Mwika au Rombo yakiwa yanang'aa. Msimu uliopita, lililosifiwa kuliko yote lilikuwa Hilux Revo jeupe lenye matairi ya 285/70R17, pua imeinuliwa mpaka ikalingana na mkia. Vijana wa kuosha magari walilizunguka na simu zao. "Hii ndiyo gari, mangi," alisema mmoja. Mwenye gari, miwani ya jua usoni saa moja asubuhi, akawaeleza kwamba amefunga shokapu za kurekebisha, zote nne, na fundi wake wa mjini amezipandisha hadi mwisho.

Dakika chache baadaye gari likaondoka, likapanda tuta la kwanza la barabara ya Marangu. Lilipokuwa linashuka upande wa pili, kila gurudumu la mbele likatoa mlio mkavu: to, to. Waliokuwa wanalishangilia hawakusikia kitu. Fundi mmoja wa makamo aliyekuwa anakunywa chai kibandani aligeuza shingo, akasema, "Hiyo haifiki Pasaka," akaendelea na chapati yake.

Kinachoudhi si gari lile peke yake. Ni kwamba kazi ya namna hiyo ndiyo siku hizi inaitwa kazi nzuri. Mtu anatazama gari limeegeshwa, anasimama ubavuni mita kumi, anaona mstari wa bodi umelala sambamba na lami, basi anatoa alama zote. Lakini gari lililoegeshwa halina habari na shokapu. Shokapu inaanza kazi gari likitembea, na hapo wasifiaji wameshageukia gari jingine.

Kwanza iondolewe dhana moja inayowatajirisha wauza spea. Shokapu za kurekebisha ziko za namna mbili, na kila namna inarekebisha kitu chake. Ipo inayorekebisha kimo: ni ile ya mbele iliyovaa springi yake ya koili, yenye mifuo kwenye ganda ambamo saklipu huhamishwa ngazi kwa ngazi, au yenye uzi na pete ya kukazia, ili kiti cha springi kipande. Bilstein 5100, iliyojipatia jina kwenye pikapu za Marekani, ni ya mifuo. Ipo nyingine inayorekebisha ukakamavu: Rancho RS9000 ina kitufe cha kuzungusha chenye hatua tisa, na Tough Dog ya Australia inayo ya hatua tisa vilevile. BP-51 ya Old Man Emu hurekebisha vyote viwili kule mbele, na bei yake humfanya mtu akae chini kwanza. Kitufe cha ukakamavu kikizungushwa kutoka moja hadi tisa, gari halipandi hata milimita moja. Aliyeuziwa shokapu ya kitufe ili ainue pua ameibiwa, na mwizi wake amempa risiti.

Kwa nyuma hakuna hata cha kujadili. Hilux nyuma inabebwa na springi za bapa. Shokapu za nyuma hazibebi mzigo, zinatuliza tu. Kwa mkonga, yaani Land Cruiser pikapu la 79, hata mbele hali ni hiyohiyo. Lilipoacha bapa za mbele mwaka 1999 na kuvaa koili, koili ilikaa mahali pake na shokapu ikakaa mahali pake. Anayetaka kuinua pua ya mkonga anunue springi, kisha atafute shokapu yenye urefu unaoendana nazo. Yeyote anayemwambia mwenye mkonga kwamba atalisawazisha kwa shokapu peke yake hajawahi kulala chini ya gari hilo.

Je, lisawazishwe kweli? Swali hili halimpendezi mtu, ila Himo linapaswa kuulizwa kabla ya mengine. Toyota haikuacha mkia juu kwa bahati mbaya. Mkia uko juu kwa sababu ya mzigo, na pikapu ya hapa haikai bila mzigo: kuna kihamba huko juu chenye migomba na kahawa, na kuna shamba la mahindi huku chini tambarare. Gari linashusha ndizi, linapandisha mahindi, mabua na majani ya ng'ombe. Himo yenyewe iko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu la Hifadhi ya Kilimanjaro liko juu ya mita 1,800. Safari yote hiyo hupandwa na pikapu iliyojaa. Mizani ya Njia Panda haiwasumbui wenye pikapu, kwa kuwa gari lisilofika tani 3.5 halipimwi, na kila mtu anajua maana yake.

Fundi mmoja wa hapo Himo, ambaye sasa amewaachia wanawe gereji, aliwahi kuletewa Hilux Vigo na mwalimu mstaafu aliyetaka pua na mkia vilingane kabisa. Mzee akaacha mbele chini kwa vidole viwili. Mwenye gari akapima kwa macho, akakunja uso. "Fundi, bado." Mzee hakubishana. Akawaita vijana, wakapakia magunia ya mahindi yaliyokuwa yanasubiri lori, kisha akamshika mteja mkono akampeleka ubavuni. "Na sasa, mwalimu?" Lilikuwa limekaa sawa. Lingesawazishwa likiwa tupu, kwa magunia yaleyale pua ingetazama mbinguni, usukani ungekuwa mwepesi mlimani, na taa zingepofusha kila dereva kutoka Himo hadi Holili. Pikapu ya kazi iachiwe mkia juu kwa vidole viwili. Hii ni sheria, na asiyeikubali anunue gari la kutembelea.

Sasa lile ambalo asiye fundi hulikosa kila mara.

Gurudumu lina safari mbili: ya kupanda linapogonga jiwe, na ya kushuka linapoingia shimoni. Ya kupanda kila mtu anaijua, maana gari likigonga hadi mwisho abiria wote wanapiga kelele. Ya kushuka haina wa kuitetea. Gari likitoka kiwandani, shokapu imesimama mahali fulani kati ya mwanzo na mwisho wake. Sehemu ya rodi iko ndani, sehemu iko nje. Fundi akihamisha saklipu ili kupandisha kiti cha springi, shokapu hairefuki. Kinachotokea ni kwamba rodi inakaa nje zaidi muda wote, hata gari likiwa limetulia. Kila inchi ambayo pua imeipata imetolewa kwenye safari ya kushuka, wala haikutoka pengine popote. Tena kwenye Hilux, shokapu imeshika mkono wa chini kati ya bawaba na gurudumu. Kwa hiyo nusu inchi kwenye saklipu huwa karibu inchi nzima kwenye gurudumu. Mwenye gari anayesema "ongeza kidogo tu" mara mbili ameshatumia inchi mbili bila kujua.

Baada ya hapo gari linapita tuta. Bodi inatupwa juu, gurudumu linataka kushuka lifuate lami, lakini rodi inafika mwisho kabla tairi halijafika chini. Pistoni inagonga kifuniko cha ndani cha ganda. Ndiyo ile to. Kila to ni nyundo kwenye sili ya mafuta na kwenye bushi ya juu. Sili ikichoka, mafuta yanaanza kulowesha rodi, vumbi jekundu linanata, rodi inakwaruzwa, na kuanzia siku hiyo shokapu ya bei mbaya inafanya kazi ya bomba la maji. Draivu shafti nazo, zikikaa kwa pembe kali saa zote, hutafuna buti zake za mpira. Buti likipasuka, grisi inatoka na mchanga unaingia.

Dhihaka kubwa iko mlimani, hasa masika. Njia za vijijini za Kilema na Mwika zina mifereji ya maji inayokata barabara kwa mshazari. Hapo gurudumu moja la mbele linapanda ukingo, na la pili linapaswa kushuka mfereji likamate udongo. Lisiposhuka linaning'inia, nguvu ya injini inakimbilia lililo hewani, na pikapu iliyoinuliwa kwa fahari ili ishinde njia mbaya inasubiri kusukumwa. Wakati huo Noah ya abiria, iliyochoka na kujaa pomoni, inaipita pembeni huku kondakta akipiga honi ya mdomo.

Kupima safari ya kushuka hakuchukui robo saa. Gari lisimame mahali tambarare, usukani umenyooka. Tepu inyooshwe kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi uliopo juu yake, namba iandikwe. Isipimwe kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utamdanganya mpimaji. Kisha karatasi iwekwe chini ya tairi, na jeki ipigwe chini ya chasisi. Hapo ndipo fundi na mwenye jina la fundi hutengana: wa pili huweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, akainua gurudumu na bodi pamoja, akasoma namba isiyo na maana yoyote, akaridhika. Jeki ikiwa chini ya chasisi, bodi inapanda na gurudumu linabaki. Karatasi ikianza kuvutika bila kuchanika, simama, pima tena. Tofauti ya namba mbili ndiyo safari ya kushuka iliyobaki.

Yule mzee wa Himo hakuhitaji hata tepu. Alikuwa akisukuma vidole kati ya tairi na madigadi kabla ya jeki na baada ya jeki, akihesabu vilivyoongezeka. Vidole vinne vya mtu mzima bila gumba, karibu sentimita 7, gari linatoka gereji. Vitatu, linarudi kwenye spana. Viwili, alikuwa akimwita mwenye gari na kumuuliza kwa upole ni nani aliyemfanyia hivyo. Kipimo cha vidole vinne hakimo kwenye kitabu cha Toyota, na hakuna haja kiwemo. Revo lile la Desemba, kwa mlio wake, lisingetoa hata kimoja.

Wazee waliojua jambo hili hawakulisoma popote. Kizazi chao kilikulia enzi za Peugeot 404, gari ambalo lilishinda Safari Rally mwaka 1963 na 1968 likiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff, na 1966 na 1967 likiwa mikononi mwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Miaka ya 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ukiitazama 404 imeegeshwa huoni cha kusifu. Imekaa kama mama aliyerudi sokoni. Lakini magurudumu yake yalikuwa yakishuka shimoni na kurudi bila kelele, na Peugeot ilikuwa ikijitengenezea shokapu zake yenyewe badala ya kuzinunua kwa mwingine. Joginder Singh naye, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo kuukuu na tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Enzi hizo aliyesifiwa ni aliyefika. Siku hizi anasifiwa aliyepigwa picha.

Uongo nao una ufundi wake, na anayetaka kununua aujue. Ulio mwepesi kabisa ni shokapu ya mtumba iliyofutwa mafuta kwa petroli, ikapigwa rangi nyeusi, ikaandikwa kwa chaki kwamba imetoka Japani jana. Dawa yake ni kuisimamisha wima, kuibonyeza rodi hadi mwisho na kuivuta mara tano, sita, polepole. Mara za kwanza inaweza kuwa na hewa, hasa iliyolazwa dukani muda mrefu, na hilo si kosa. Ikiendelea kuwa na sehemu tupu kila inapogeuza mwelekeo, kwamba mkono unasukuma na hakuna kinachokinza, mafuta hayapo. Rangi mpya juu ya kutu ya zamani hujisema yenyewe pale ganda linapokutana na jicho la bushi. Wachoraji wengi ni wavivu kufika hapo.

Wa pili ni wa kitufe. Shokapu imechoka, muuzaji anaizungusha hadi tisa, mteja anaibonyeza, anaona ngumu, analipa. Ukiletewa ya kitufe, irudishe moja kwanza, ibonyeze, kisha panda hatua kwa hatua. Kila hatua ijitofautishe na nyenzake. Ikiwa moja hadi sita zote ni uji na ugumu unaanza saba, mwache nayo.

Wa tatu ni wa vipande: mipira inayochomekwa kati ya mizunguko ya koili, au spesa ya aluminiamu juu ya shokapu. Mipira ni ya kutupwa bila mjadala. Spesa ina unafuu wake, kwa kuwa haiilazimishi shokapu kukaa wazi, ila inausukuma mkono chini kuliko ulivyokusudiwa, na bolijointi ya juu ndiyo inayolipa. Kuna gereji zinazofunga spesa na kuhamisha saklipu kwa pamoja, kisha zinaiita kazi hiyo "fulu".

Kuhusu chapa, kelele ni nyingi kuliko inavyostahili. Shokapu ya ganda moja yenye gesi ya shinikizo ni wazo la Mfaransa de Carbon. Bilstein waliliendeleza na kuliingiza kwenye Mercedes miaka ya 1950, na ni kweli haipati povu upesi kwenye barabara ndefu ya changarawe. Huko ni nzuri mno. Lakini ganda lake ndiyo nyumba ya pistoni yenyewe: jiwe likilibonyeza kidogo tu, pistoni inakwama. Ya maganda mawili hupigwa jiwe upande wa nje na kuendelea. Kwa njia za mawe za mlimani, ya maganda mawili ya Kayaba iliyo halisi inamshinda mfalme yeyote wa dukani, hata kama haina kibandiko cha kuonyesha shemeji.

Baada ya kufunga, mambo machache yasiyo na mjadala. Boliti za bushi za mikono zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, kamwe si magurudumu yakining'inia. Zikikazwa hewani bushi inakaa imejisokota siku zote na kupasuka mapema. Alaimenti ifanywe siku hiyohiyo, kwa kuwa pua ikipanda pembe za magurudumu zote zinahama. Taa zishushwe. Ukakamavu uanze hatua ya nne kwa gari tupu. Tairi kubwa ni zito na linahitaji kutulizwa zaidi linaporudi chini, lakini ukizidisha, kwenye barabara ya mawimbi gurudumu halipati nafasi ya kurudi kabla ya wimbi linalofuata, na mkia unaanza kuteleza kwenye kona. Ukipakia, nyuma ipande hadi sita au saba. Na tairi lijaribiwe linavyofanya kazi: gurudumu moja la mbele lipandishwe kwenye ukingo, usukani ukatwe hadi mwisho kulia, kisha kushoto, na mtu achungulie nyuma ya tairi penye plastiki ya madigadi. Linalopita bila kugusa gari likiwa limeegeshwa litagusa kwenye tuta la kwanza ukikata kona.

Ukubwa wa tairi wenyewe una hesabu yake. Kutoka 265/65R17 la kiwandani hadi 285/70R17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hadi 831, karibu asilimia 7. Gari lenyewe linainuka nusu tu ya tofauti hiyo, milimita 27, na saa ya mwendo inaanza kusema uongo: ikisoma 50, gari liko zaidi ya 53. Trafiki mwenye tochi hasomi saa ya dereva. 265/70R17 ni milimita 803. Linaonekana, linapita, halidai kukatwa kwa plastiki.

Kwa Hilux ya Himo inayobeba mzigo, basi, hukumu ni hii: 265/70R17, pua ipandishwe inchi moja na nusu na isizidi hapo, mkia ubaki juu, na nafasi ya chini ya madigadi iongezeke kwa vidole vinne jeki inapopigwa. Fundi akikataa gari lipigwe jeki mbele ya mteja kabla ya malipo, mteja achukue funguo zake. Anayetaka 285 na bado anapandisha mahindi anunue shokapu ndefu zaidi pamoja na mikono mipya ya juu, alipe gharama yake yote, au aachane na 285.